Umeombwa uwe dairekta wa kampuni? Namna ya kujikinga kabla na baada ya kusaini

Hii naiandikia watu wa kampuni ndogo hapa Kenya, zile za madairekta wawili watatu, mume na mke, ndugu, marafiki waliosoma pamoja, na zaidi ya wote namwandikia yule mtu ambaye ameambiwa "tuweke tu jina lako, hakuna kazi utafanya". Huyo ndo huumia sana manake siku mambo yakiharibika yeye ndo huwa hajui chochote, hana karatasi yoyote, na jina lake liko kwenye CR12, ile karatasi ya Msajili wa Makampuni yenye majina ya madairekta na wenye hisa, sawasawa na la mwenye biashara. Kampuni kubwa za soko la hisa wana mawakili, wana katibu wa kampuni, wana bima. Wewe uko na kitambulisho na PIN ya KRA tu, kwa hivyo lazma ujue mwenyewe.

Ndugu zangu wa Tanzania, ninyi sheria yenu ya makampuni ni ya 2002 na msajili wenu ni BRELA, misingi inafanana sana kwa sababu zote zina asili ya Uingereza lakini vifungu nitakavyotaja hapa ni vya Kenya, Sheria ya Makampuni ya 2015.

Tuanze na ulinzi wenyewe, kwa sababu upo na ni wa kweli. Kulikuwa na fundi wa viatu London anaitwa Aron Salomon, akageuza biashara yake kuwa kampuni, hisa 20,007 na yeye akashika 20,001, zile sita zilizobaki akagawia mke na watoto moja moja. Kampuni ikaanguka, wadai wakasema huyu mzee na kampuni ni kitu kimoja, alipe mwenyewe. Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikakataa, ikasema kampuni ikishasajiliwa ni mtu mwingine kisheria, ina madeni yake na mali yake. Kesi hiyo iko kwenye vitabu kama Salomon ya 1897 na mpaka leo majaji wetu wanaitaja kila mara. Kwa hivyo mdai akikupigia simu usiku akikuambia atakuja kubeba viti vya kwako nyumbani kwa deni la kampuni, usikimbilie kulipa kwa hofu, kanuni ya kwanza ni kwamba deni la kampuni ni la kampuni.

Lakini ulinzi huo una milango, na mimi nikiangalia kesi za watu waliopoteza nyumba naona karibu milango yote walifungua wenyewe, ama kwa saini, ama kwa kuchukua pesa za kampuni kama zao, ama kwa kunyamaza wakati walipaswa kusema. Hii ya tatu watu hawaiamini mpaka iwapate.

Kabla hujakubali

Kitu cha kwanza ondoa kichwani hii habari ya dairekta wa jina tu. Sheria haina dairekta wa jina. Ukishakubali na ukasajiliwa, majukumu ni yale yale, uwe unaenda ofisini kila siku ama uko Doha unafanya kazi yako na hujawahi hata kuona duka. Na upande wa pili pia ni hivo hivo, yule ambaye jina lake haliko popote lakini ndiye anaamua kila kitu na madairekta wanafuata anachosema, sheria inamtambua pia kama dairekta wa kivuli, kwa hivyo mzee anayeendesha kampuni kwa mgongo wa vijana wake asidhani amejificha. Wakili au mhasibu anayetoa ushauri wa kitaaluma tu hahesabiwi hapo.

Agiza CR12 ya hiyo kampuni kupitia eCitizen, ni karatasi rahisi kupata na inakuonyesha madairekta ni kina nani na wenye hisa ni kina nani. Na hata kama hujaombwa na mtu yeyote, kama ulishawahi kumpa ndugu kitambulisho chako "akusaidie kitu", agiza ya kampuni yake uone kama haumo. Ukikuta jina lako umewekwa bila ruhusa, mwandikie Msajili wa Makampuni mara moja na upeleke taarifa polisi, usingoje, manake kila mwezi unaopita unaonekana kama ulikubali.

Alafu omba kuona mahesabu ya miaka ya nyuma, cheti cha KRA cha kuonyesha kodi ziko sawa, orodha ya mikopo na nani aliidhamini, kesi zilizoko kotini, nani anasaini cheki na nani ana pini ya simu ya biashara. Kama ni shemeji wako au rafiki wa kanisa au wa msikiti utaona haya kuuliza, najua, kwetu kuuliza pesa za mtu kunaonekana kama kumshuku. Uliza hivo hivo. Mwambie tu "nataka kujua ninachobeba" na akikasirika basi ushapata jibu lako mapema.

Na ukiyapata hayo mahesabu uyasome. Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu hii ndo sehemu watu wanasema "mimi si mhasibu". Australia kulikuwa na kampuni ya majengo ya maduka, zile mall, inaitwa Centro, mahesabu yao ya 2007 yakaweka madeni ya kulipwa ndani ya mwaka, zaidi ya dola bilioni moja za Australia, upande wa madeni ya muda mrefu. Ilipita kwa wahasibu wa ndani, ikapita kwa wakaguzi wa nje, bodi ikapitisha. Mwaka 2011 mahakama ikasema madairekta wamevunja wajibu wao, manake walijua madeni hayo yapo na walipaswa kusoma mahesabu kwa macho yao na kuuliza, huwezi ukasema nilimwachia mkaguzi. Si hukumu ya Kenya lakini wazo ndo lile lile lililo kwenye kifungu cha 145 cha sheria yetu. Kifungu hicho kinakupima mara mbili, kwanza kwa ujuzi ambao mtu yeyote makini kwenye kazi hiyo angetarajiwa kuwa nao, na pili kwa ujuzi ulio nao wewe binafsi. Yaani kama wewe ni mhasibu au injinia kipimo chako kinapanda, na kama hujasoma sana hakishuki chini ya kile cha kwanza. Kutojua si kinga.

Majukumu mengine yako vifungu vya 142 mpaka 147, nitayapita haraka: fanya kazi ndani ya mamlaka uliyopewa na katiba ya kampuni, tafuta mafanikio ya kampuni kwa faida ya wanachama wake wote huku ukifikiria wafanyakazi, wateja, jamii na mazingira, amua kwa akili yako mwenyewe na si kwa kuamrishwa, epuka mgongano wa maslahi, usipokee zawadi kutoka nje kwa sababu ya kiti chako. Wajibu huu wote ni wako kwa kampuni yenyewe, kwa hivyo wa kukushtaki ni kampuni, lakini mwenye hisa anaweza kuomba ruhusa ya mahakama akushtaki kwa niaba ya kampuni, na ndugu wakigombana hiyo njia hutumika.

Dhamana binafsi ndo inayouza nyumba za watu

Kama utakumbuka sehemu moja tu ya andiko hili iwe hii. Madairekta wengi wanaoletewa madalali hawaletewi kwa sababu ya Sheria ya Makampuni, wanaletewa kwa sababu walisaini karatasi ya benki. Kampuni inaomba mkopo, ofisa wa mikopo anatoa rundo la fomu, katikati mna karatasi ya dhamana ya madairekta, unaambiwa "ni utaratibu tu, kila mtu husaini" na wewe unasaini pale penye alama ya kalamu. Hapo umemwambia mkopeshaji kwamba Salomon asikukinge, ukiangalia vizuri ndo maana yake.

Sheria ya Mikataba ya Kenya kwenye kifungu cha 3 inasema huwezi kushtakiwa kwa ahadi ya kulipa deni la mtu mwingine kama ahadi hiyo haipo kwa maandishi na hujaisaini. Kwa hivyo mdai akikuambia "lakini ulisema kwa mdomo utalipa", muulize iko wapi karatasi. Lakini pia ina maana ukishasaini hiyo karatasi ndo kesi yenyewe, hakuna hadithi nyingi.

Sasa ukiletewa, angalia haya. Angalia kama imeandikwa madeni yote ya kampuni ya sasa na ya baadaye, hiyo ni hatari kubwa kwa sababu mkopo wa leo wa milioni mbili unaweza kuwa umelipwa wote ukaisha, miaka minne baadaye wenzako wakachukua mwingine wa milioni kumi na tano na dhamana yako ya zamani ikaubeba huo pia. Omba iandikwe ni ya mkopo huu tu, kiasi fulani mwisho, na riba isipite hapo. Benki zingine zitakataa, zingine zitakubali ukisimama imara, hasa kama kuna mali nyingine ya rehani. Angalia maneno ya kwamba mnawajibika kwa pamoja na kila mmoja peke yake, maana yake benki haigawi deni kwa watatu, inamfuata yule mwenye kitu, na mwenye kitu akilipa yote ndo aanze yeye kuwatafuta wenzake. Dairekta mwenye shamba na mshahara wa serikali ndiye hufuatwa kwanza, yule aliyekula pesa hana kitu kwa jina lake.

Kama nyumba yenu ya ndoa ndo inawekwa rehani, Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka mwenzi anayeishi humo akubali pia, kwa hivyo mama au baba ukiitwa kusaini "kama shahidi tu" soma vizuri ujue unasaini nini. Tafuta wakili wako, si wa kampuni, si wa benki, umlipe mwenyewe hata kama ni kwa saa moja tu akusomee hizo kurasa.

Na kila unapokopa vitu kwa wasambazaji, hardware, mafuta, vyakula vya hoteli, chungulia fomu ya kufungua akaunti ya mkopo. Siku hizi mstari wa dhamana ya dairekta huwekwa chini kabisa kwa maandishi madogo na watu wanasaini wakidhani wanasaini order ya saruji.

Ukisaini chochote kwa ajili ya kampuni, andika jina kamili la kampuni pamoja na lile neno Limited, kisha andika "kwa niaba ya" na cheo chako. Na usikodi fremu wala kuagiza mashine kwa jina la kampuni ambayo bado haijatoka kwa Msajili, mkataba uliofanywa kabla kampuni kuzaliwa unamshika yule aliyeusaini, binafsi.

Pesa za kampuni si zako hata kama kampuni ni yako

Hii inawauma watu sana nikiwaambia. Mwenye hisa zote mia kwa mia bado akichukua pesa ya kampuni akalipia karo bila kuiandika popote, amechukua mali ya mtu mwingine. Kuna njia halali tatu nne za kutoa pesa, mshahara unaokatwa PAYE (kodi ya mshahara), gawio la faida, marejesho ya mkopo ulioikopesha kampuni, marejesho ya gharama ulizolipa zenye risiti. Zote ziandikwe. Mkopo kutoka kwa kampuni kwenda kwa dairekta nao una masharti yake ya kuidhinishwa na wanachama.

Tatizo kubwa ninaloliona ni simu. Wateja wanalipa kwa namba binafsi ya dairekta kwa sababu ya kukwepa ada ya till, ile namba ya biashara ya kupokelea malipo kwa simu, jioni pesa zimechanganyika na za chama na za nyumbani, baada ya mwaka hakuna mtu duniani anayeweza kutenganisha. Siku mdai ameshinda kesi dhidi ya kampuni na akaunti ya kampuni haina kitu, wakili wake anaomba kotini, chini ya Agizo la 22 kanuni ya 35 la Kanuni za Mwenendo wa Mashauri ya Madai, kwamba wewe dairekta uitwe uje na vitabu vya kampuni uhojiwe kwa kiapo mali za kampuni zimeenda wapi. Usipokuja unajitia matatani zaidi, ukija bila vitabu ni vibaya, ukija na statementi zinazoonyesha pesa zote ziliingia kwa simu yako ndo hapo wakili ataomba mahakama iinue pazia la kampuni akufuate wewe. Mahakama haziinui pazia ovyo, zinataka kuona kampuni ilitumika kama kinyago cha ulaghai au cha kukwepa wajibu, lakini ukichanganya pesa umempa mpinzani wako ushahidi wa kuanzia.

Kwa hivyo fungua till au paybill ya kampuni, akaunti ya benki ya kampuni, na kila mwisho wa mwezi mtu akae alinganishe. Kazi ya jioni moja.

Zilizokatwa kwa wafanyakazi

Kila mwezi unakata PAYE, NSSF, bima ya afya ya SHIF, ada ya nyumba. Hizo pesa hazijawahi kuwa za kampuni, ni za mfanyakazi na za serikali, zimepita tu mikononi mwako. Mauzo yakiwa mabaya kishawishi cha kwanza ni kuzitumia kulipa msambazaji "tutarudisha mwezi ujao", PAYE inatakiwa iwe imefika kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata kuisha na miezi mitatu ikirundikana na riba na faini hairudishiki tena. Na kukata bila kupeleka ni kosa la jinai, si deni la kawaida.

KRA nao wana meno ambayo mdai wa kawaida hana. Chini ya Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015, kama mlipanga mambo ili kampuni isiweze kulipa kodi, madairekta na wenye kuidhibiti kampuni wanaweza kulipishwa wenyewe. Na Kamishna akiwa na sababu ya kuamini mtu anaweza kuondoka nchini kabla kodi haijalipwa, pamoja na kodi ya kampuni anayoidhibiti, anaweza kutoa amri ya kumzuia kusafiri, unafika JKIA na mizigo yako na unaambiwa rudi. Kama kuna deni la kodi msilikimbie, andikeni barua mapema mwombe kulipa kwa awamu na mlipe hizo awamu kweli, KRA huzungumza na mtu aliyekuja mwenyewe tofauti kabisa na wanavyozungumza na aliyetafutwa.

Ukiwa na maslahi, sema

Kampuni inataka kununua gari na gari ni la kaka yako. Haikatazwi. Kinachotakiwa ni utangaze kwa madairekta wenzako kabla mkataba haujafanyika, iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, na ukae pembeni wakati wanaamua kama katiba yenu inataka hivo. Watu huficha vitu ambavyo wangevisema vingepita bila shida, ikija kujulikana baadaye faida uliyopata unaweza kuamriwa uirudishe hata kama kampuni haikupata hasara.

Kampuni inapoanza kuzama

Huu ndo wakati mgumu na ndo wakati dairekta mwema hufanya vitu vibaya kwa sababu ya matumaini. Kampuni ikiwa na afya unaifanyia kazi kwa faida ya wenye hisa. Ikianza kushindwa kulipa, wenye pesa halisi humo ndani sasa ni wadai, na wajibu wako unageuka kuwaelekea. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilieleza hivo mwezi Oktoba 2022 kwenye kesi ya Sequana: kampuni ikiwa imefilisika au iko ukingoni, au kufilisiwa ndo kunaonekana kutatokea, maslahi ya wadai lazma yaingie kwenye hesabu, na kadiri hali inavyozidi kuwa mbaya ndivyo yanavyozidi uzito. Sheria yetu ya 2015 ilifuata ile ya Uingereza ya 2006 kwa karibu sana kwa hivyo mawakili wetu wanazisoma hizi hukumu na kuzipeleka kotini.

Angalia pia BHS, duka kubwa la Uingereza lililouzwa kwa pauni moja mwaka 2015 na kuanguka 2016. Mwaka 2024 mahakama ikawakuta madairekta wake wa zamani na makosa ya kuendelea na biashara wakati walipaswa kujua hakuna njia ya kutoka, na kuwa na washauri wa kulipwa ghali hakukuwaokoa. Hapa kwetu, Sheria ya Ufilisi ya 2015 inaipa mahakama uwezo wa kumwamuru mtu aliyeendesha kampuni kwa nia ya kuwadhulumu wadai achangie kutoka mfukoni mwake, na Sheria ya Makampuni inalifanya jambo hilo hilo kuwa jinai.

Dalili unazijua: mishahara inachelewa, mnalipa mdai wa zamani kwa pesa ya mteja mpya, cheki zinarudi, mnachagua simu gani ya kupokea. Ukiziona, fanya hivi.

Itisha kikao cha madairekta wiki hiyo hiyo, hata kama ni wewe na mkeo mezani, na iandikwe. Tengenezeni karatasi ya pesa zinazoingia na zinazotoka kwa wiki zijazo, kwa ukweli, bila kuhesabu tenda ambayo bado haijasainiwa. Acheni kupokea malipo ya awali ya wateja kama hamjui mtawaletea bidhaa, hili naliweka juu ya yote kwa sababu hapo ndo deni hugeuka kuwa ulaghai, yule mama aliyelipia viti vya harusi hakukukopesha, alinunua. Msilipe kwanza mkopo wa shangazi na ule mnaoudhamini wenyewe mkaacha wengine, malipo ya kupendelea kabla ya kufilisika yanaweza kurudishwa na mfilisi. Msihamishe mashine na magari kwenda kampuni mpya yenye jina linalofanana, madairekta wale wale, ofisi ile ile, ile mbinu majaji wanaijua. Mtafuteni mtaalamu wa ufilisi aliyeidhinishwa mapema, sheria ina njia za kuiokoa kampuni, kuna mapatano na wadai, kuna kuiweka chini ya msimamizi ili mpate nafasi ya kupumua, lakini njia hizo zinahitaji kampuni bado iwe na kitu.

Na cheki. Kuandika cheki ukijua akaunti haina pesa ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu kifungu cha 316A, kinachotolewa nje ni ile cheki iliyoandikwa tarehe ya mbele. Dairekta ndiye mwenye saini kwa hivyo dairekta ndiye anayepelekwa stesheni.

Karatasi zitakazokuokoa

Kifungu cha 23 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kampuni ikitenda kosa, kila aliye kwenye uendeshaji wake ana hatia, isipokuwa athibitishe kwamba bila uzembe wake hakujua, au alichukua hatua zote za busara kulizuia. Soma tena hapo, athibitishe. Ni wewe unaleta ushahidi. Sheria ya mazingira ya 1999 nayo inamshika dairekta aliyejua au aliyepaswa kujua na hakuchukua tahadhari.

Ndo maana nasema kunyamaza ni mlango. Kama mko kikaoni na wenzako wanataka kumwaga maji machafu mtoni au kuandika risiti za uongo, kutikisa kichwa na kununa hakukusaidii kitu. Sema hukubali, sababu zako ziandikwe kwenye kumbukumbu, zisipoandikwa tuma barua pepe jioni hiyo hiyo: "kama nilivyosema leo kikaoni, sikubaliani na jambo hili kwa sababu hizi". Weka nakala nje ya kompyuta ya ofisi. WhatsApp ni bora kuliko hakuna lakini simu hupotea na grupu hufutwa, barua pepe ni bora. Uliza maswali kwa maandishi pia, "naomba kuona risiti za NSSF za miezi mitatu", na usipojibiwa uliza tena, hizo barua mbili zisizojibiwa zinaonyesha ulijaribu.

Usitegemee kipengele kwenye katiba ya kampuni kinachosema dairekta hatawajibika kwa uzembe wake, kifungu cha 194 cha Sheria ya Makampuni kinakibatilisha. Bima ya madairekta inaruhusiwa na kampuni inaweza kuilipia, kama bodi ina watu wa nje ni jambo la maana, soma tu yasiyolipiwa, ulaghai huwa haulipiwi.

Kutoka

Ukiona husikilizwi, toka, na utoke vizuri. Watu wengi huacha tu kwenda ofisini wakadhani wametoka, miaka sita baadaye wanaitwa.

Andika barua ya kujiuzulu yenye tarehe, ipeleke ofisi iliyosajiliwa ya kampuni na uipate imegongwa muhuri wa kupokelewa, tuma na kwa barua pepe. Kampuni ina siku 14 kumjulisha Msajili, usiwaachie, baada ya hapo agiza CR12 mpya uone kama jina limetoka na kama bado limo mwandikie Msajili ukiambatanisha ile barua iliyogongwa muhuri. Nenda benki utolewe kwenye orodha ya wanaosaini. Angalia iTax, mtandao wa KRA, kama PIN yako bado imeunganishwa na ya kampuni. Kisha dhamana: kujiuzulu hakuifuti hata kidogo, lazma uiandikie benki kwamba unasimamisha dhamana kwa mikopo yote ya kuanzia tarehe hiyo, na uombe kwa maandishi kiasi gani unadaiwa mpaka leo, na ukiweza wenzako wanaobaki walete mdhamini mwingine ili wewe uachiliwe rasmi, kwa barua ya benki yenyewe na si kwa maneno ya ofisa.

Yale yaliyofanyika ukiwa dairekta yanakufuata hata ukishatoka, kwa hivyo kabla hujarudisha funguo chukua nakala za kumbukumbu za vikao ulivyohudhuria, mahesabu uliyosaini, na barua zako za kupinga, uzihifadhi mahali ambapo wewe mwenyewe ndiye unafungua.